Upele wa Nyumba Kubwa

Jumatatu, 18 Julai 1955

Daftari jipya. La zamani limeloa, paa la zahanati linavuja juu ya kitanda changu. Wagonjwa wana lao kwenye meza, lakini lile ni la Bwana, mzungu mwenye shamba hili — hulisoma kila Jumamosi akinywa chai. Hili ni langu.

Leo nimekosea. Nekoye, mchumaji wa pireto, alikuja uso umevimba na mikono inamwasha. Nikasema upele. Sikutazama hata katikati ya vidole. Nikamwaga benzili, dawa nyeupe ya upele, nikampaka. Alipiga kelele mpaka mbwa wa Bwana wakamjibu.

Kumbe ni pireto yenyewe. Maua yale huchoma ngozi ya watu wengine, hasa jua likitoka baada ya ukungu. Huchoma uso, shingo, mikono mpaka kwenye kiwiko — mahali nguo isipofika. Upele hupenda mahali nguo inapofika. Haya yote nilifundishwa Nakuru, na yule daktari Mhindi mwenye kalamu nne mfukoni. Alikuwa akisema: Shariff, tazama kwanza, paka baadaye.

Nimepaka kwanza.

Nimemwosha Nekoye kwa maji baridi, nimempa kalamaini ya kutuliza mwasho. Nimemwomba Kosgei, nyapara, amhamishie kwenye viazi. Kosgei anasema kuanzia kesho kila mwanamke atataka kuvimba uso.

Jumatano, 20 Julai 1955

Uso wa Nekoye umeshuka. Yuko kwenye viazi. Hanisalimu.

Ijumaa, 22 Julai 1955

Binti wa Bwana amerudi kutoka shule ya bweni. Dafni, miaka tisa. Gari halijasimama sawasawa na Wangeci tayari ametoka jikoni mbio, mikono ina unga. Mtoto akamrukia. Memsahib, mama yake, alisubiri zamu yake barazani.

Wangeci ni yaya. Amemlea huyu mtoto tangu hajui kukaa. Mume wake yuko kizuizini mwaka wa pili sasa kwa mambo ya vita vya msituni, na yeye anakaa hapa Molo kwa kibali tu, kibali chenye sahihi ya Memsahib. Sahihi ikiondoka, lori la polisi linakuja, anapelekwa rizavu, eneo lililotengewa kabila lake. Kila mtu anasema "kurudishwa rizavu." Wangeci alizaliwa shamba hili hili, nyuma ya kibanda cha maziwa. Rizavu hajaiona kwa macho.

Mtoto alikuwa anajitafuna kifundo cha mkono. Mbu? Molo hakuna mbu. Hata mbu wanaona baridi.

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Nimekagua kambi yote ya wafanyakazi, nyumba kwa nyumba. Watu mia moja na kumi na wawili. Nimewatazama mikono mbele na nyuma, kiuno, na watoto makalio.

Choa kichwani: watoto saba. Duara, nywele zimekatika kama zimeliwa na panya. Nimewanyoa na kuwapaka. Wamelia.
Majipu: mmoja, mahali ambapo hakutaka Kosgei aone. Kosgei ameona.
Upele: hakuna. Hata mmoja.

Nimeandika hivyo katika daftari la Bwana, na tarehe. Nilijisikia vizuri. Kambi isiyo na upele ni kitu cha kumwandikia mtu barua.

Nimemwandikia Kadija. Mke wangu atasoma kuhusu makalio ya watoto wa Molo mbele ya mama yake kule Bondeni. Basi.

Ijumaa, 5 Agosti 1955

Mvua ya mawe. Hakuna mgonjwa. Nimechemsha sindano ambazo zilikuwa zimeshachemshwa.

Alhamisi, 18 Agosti 1955

Wangeci alikuja saa sita, wakati Memsahib anapolala kidogo. Akasimama mlangoni kwanza. Akasema ni jambo la aibu.

Nikamwambia kwenye chumba hiki aibu imekwisha zamani.

Akanionyesha mikono. Safari hii nilitazama. Nilimpeleka dirishani kwenye mwanga, nikageuza kidole kimoja kimoja. Katikati ya vidole vipele vidogo vyenye maji, na katikati yake vile vijia — vyembamba kama uzi wa kijivu, na kinukta mwisho wake. Hapo ndipo kidudu kinakaa. Kwenye vifundo pia. Kiunoni pia, akasema, na kwenye matiti, hilo sikuliangalia. Nikamuuliza kunawasha zaidi lini. Usiku, akipata joto la blanketi.

— Tangu lini?
— Jumanne. Labda Jumatatu. Siku tatu hivi.
— Uliwahi kuugua hii zamani?
— Dakitari, sijawahi! Mimi naoga kila siku. Naoga kuliko wewe.

Ni kweli. Nikamweleza kwamba kidudu hiki hakijali sabuni. Kinahama kwa ngozi kugusana na ngozi muda mrefu: kulala pamoja, kushikana mikono, kubeba mtoto. Nikampa benzili. Kuoga maji moto, kujikausha, kupaka kuanzia shingo mpaka nyayo, hata chini ya kucha, kutooga mpaka kesho yake, kisha kurudia. Nguo na blanketi zichemshwe. Na wote wa nyumba moja wapakwe siku moja, la sivyo mnapokezana tu kama mpira.

— Wote?
— Wote.

Alicheka mpaka akashika meza.

— Nimwambie Memsahib avue nguo nimpake?

Nikacheka na mimi. Kisha nikachukua kalamu nikaandika katika daftari la Bwana: *18 Agosti. Wangeci, yaya. Upele.* Kama ninavyoandika kila siku.

Jumamosi, 20 Agosti 1955

Bwana amesoma daftari.

Sikuwepo. Kosgei alikuwepo. Anasema Bwana alinyanyuka na kikombe mkononi akaingia ndani, na sauti ya Memsahib ikasikika mpaka kwenye ng'ombe. Wangeci akatolewa jikoni kwa mlango wa nyuma. Ameambiwa asimguse mtoto tena. Mashuka yote yamechomwa. Sahani yake pia. Sahani!

Lori litakuja Jumamosi ijayo.

Mstari mmoja niliuandika mimi, kwa mwandiko mzuri.

Jumapili, 21 Agosti 1955

Sikula.

Jumatatu, 22 Agosti 1955

Memsahib ameniita barazani. Amepiga taipu karatasi ya kumpelekea Bwana Disii, mkuu wa wilaya. Ofisi inataka sababu ya kufuta kibali, na sababu ya ugonjwa inahitaji sahihi ya mtu wa dawa. Mtu wa dawa ni mimi. Imeandikwa kwamba mimi, dresa wa shamba, nathibitisha kwamba yaya huyu ameleta ugonjwa wa kuambukiza kutoka kambini mpaka ndani ya nyumba.

Alivaa glavu. Agosti kuna baridi, sawa. Lakini alikuwa anasugua glavu moja juu ya nyingine, polepole, kule kule katikati ya vidole.

— Wewe weka sahihi hapa, dresa. Hapa chini.

Nikasema, Memsahib, niruhusu nikalinganishe tarehe katika daftari.

— Tarehe ya nini?
— Ofisini wanapenda tarehe, Memsahib.

Hilo alilikubali. Wazungu wote wanajua ofisini wanapenda tarehe. Nimepewa mpaka Jumamosi asubuhi.

Jumanne, 23 Agosti 1955

Bwana amekuja zahanati. Mwenyewe! Miaka miwili niko hapa, hajawahi kuvuka kizingiti. Akafunga mlango nyuma yake. Akatazama mizani, akatazama picha ya meno ukutani.

Akasema anataka dawa ya mbwa.

Nikamuuliza mbwa ana nini. Anajikuna. Wapi? Akafikiri. Akasema, kiunoni. Pale mkanda unapopita.

Nikasema naam. Nikashusha chupa.

— Mbwa apakwe vipi?
— Aoge maji moto kwanza, Bwana. Ajikaushe. Apakwe shingo mpaka miguu, asiruke mahali. Kesho yake arudie.
— Inachoma?
— Mahali pengine, Bwana. Mbwa avumilie.

Akaweka chupa ndani ya koti. Akafika mlangoni, akageuka.

— Na mbwa akipona, yule mwingine anayelala naye?
— Wote wapakwe siku moja, Bwana. Wote wa nyumba. La sivyo atarudishiwa.

Akafunga koti mpaka shingoni. Akaenda.

Alipotoka nilivuta sanduku langu. Nikafungua maandishi yangu ya mafunzo ya Nakuru. Nimeyapata, ukurasa umekunjika kwenye kona. Mtu anayeshikwa na upele mara ya kwanza maishani hawashwi mara moja. Kidudu kinaingia leo, kuwashwa kunaanza baada ya wiki tatu, nne, wakati mwingine sita. Mwili unachelewa kukasirika. Aliyewahi kuugua zamani ndiye anayewashwa baada ya siku chache tu.

Wangeci ameanza tarehe 15 au 16. Rudisha nyuma wiki tatu na siku chache.

Tarehe 1 Agosti nilitazama mikono ya watu mia moja na kumi na wawili, na upele haukuwepo.

Jumatano, 24 Agosti 1955

Dafni amekuja peke yake. Goti limechubuka. Alianguka, anasema. Nadhani alijiangusha, jeraha lilikuwa dogo na safi na lilikuwa na maelezo mengi.

Kiswahili chake ni cha Wangeci kabisa, hata pale ulimi unapoteleza. Nikamsafisha goti. Mikono yake ilikuwa mbele yangu juu ya meza. Sikuhitaji kwenda dirishani. Vijia vya zamani, vimeshakauka na kuwa magamba, na juu yake vipya. Kwenye kiganja usaha umeanza, kutokana na kucha. Huo si upele wa wiki moja.

Nikamuuliza kunawasha tangu lini.

— Tangu shuleni. Tangu kabla ya michezo.
— Wewe peke yako?
— Bweni letu lote. Matroni alitupaka dawa nyeupe, inanuka. Lakini ikaisha kabla ya kufika kitanda changu.

Kisha akatazama mlango.

— Mama amepata barua ya matroni. Mama amesema nisiseme.

Nikamwambia basi hajasema. Amekuja kwa sababu ya goti.

Akauliza kama Wangeci anaenda kwa sababu yake. Mtoto wa miaka tisa. Nilifunga bendeji mara mbili ili nipate cha kufanya na mikono.

Nikamwambia upele si kosa la mtu. Ni kidudu, hakijui nyumba kubwa wala kambi. Akauliza kama kidudu kinajua Kiswahili. Nikasema kidogo.

Nimempa chupa ndogo aifiche, na dawa ya zambarau kwa usaha. Najua hataipaka vizuri mgongoni. Hakuna mtoto anayefika mgongoni.

Alhamisi, 25 Agosti 1955

Kosgei amekuja jioni na maziwa ya mtindi, jambo ambalo halifanyi bure. Amezunguka, ng'ombe, viazi, mvua. Mwishoni akasema: Bwana Shariff, weka sahihi. Mimi pia sipendi. Lakini ukikataa, Wangeci atapakiwa lorini hata hivyo, na wewe utapakiwa naye. Wataleta dresa mwingine, atatia sahihi kabla hajafungua sanduku.

Nilikunywa mtindi. Ana akili, Kosgei. Na ni kweli. Kadija ana mimba ya miezi sita na hii ndiyo kazi.

Nimeichukua ile karatasi ya taipu. Nimechovya kalamu. Nimeandika "S". Nimesimama.

"S" moja juu ya mstari. Inaonekana kama kidudu.

Ijumaa, 26 Agosti 1955

Nimeenda kambini kwa Wangeci. Anafunga vitu. Sanduku moja la bati, sufuria mbili, na vazi la Dafni la ubatizo ambalo Memsahib alilitupa zamani. Mikono yake imepona karibu yote. Alipaka kama nilivyomwambia, mara mbili, chini ya kucha na kila mahali. Mgonjwa bora kuliko wote niliowahi kupata.

Nikamwambia ukweli: mimi ndiye niliyeandika.

— Najua, akasema. Ulitaka uandike nini? Mafua?

Hakuwa na hasira. Hilo lilikuwa baya zaidi. Nikamwambia habari za wiki tatu na zaidi, kambi nzima, tarehe. Habari za mtoto sikusema, lakini aliniangalia na nikajua alishajua. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha kila jioni, kabla ya watumishi kutolewa na nyumba kufungwa saa kumi na mbili.

— Niliona siku ile ile aliyotoka kwenye gari, akasema.
— Na ukamshika?
— Sasa nisimshike?

Akaendelea kukunja.

Baadaye akauliza ile rizavu iko upande gani. Nikamwonyesha kwa mkono, kuelekea mashariki, juu ya ukungu. Akaangalia kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu asiyemjua.

Usiku huu sitaandika tena hapa. Naandika kwingine.

Jumamosi, 27 Agosti 1955

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Bwana. Naandika kwa penseli juu ya goti.

Karatasi ya taipu nimeirudisha ikiwa na "S" yake pekee. Nimeiambatanisha na ya kwangu, kwa Kiingereza cha hospitali. Tarehe 1 Agosti watu 112 walikaguliwa, upele hakuna. Yaya hakuwahi kuugua zamani, alianza kuwashwa tarehe 15 au 16 Agosti. Ugonjwa huu ukija mara ya kwanza hukaa wiki tatu mpaka sita kabla ya kuwasha. Kwa hiyo aliambukizwa mnamo mwisho wa Julai. Ndani ya nyumba, si kambini. Aliyeingia nyumba hiyo kutoka nje mwishoni mwa Julai ni mmoja, ametoka bweni. Watu wote wa nyumba watibiwe siku moja.

Maneno ya mtoto sikuyaandika. Tarehe zinatosha. Chini nimeweka jina langu lote, Shariff na la baba na la babu.

Bwana amesoma akiwa amesimama. Amesoma mara ya pili. Ameniuliza kama kuna nakala. Nimesema ipo. Haipo. Nilipaswa kufikiria hilo.

Ameniambia nikae nje. Ameenda nayo ndani ya nyumba.

Lori limefika. Askari wawili mbele. Dereva hajazima injini, anasema betri mbovu. Wangeci ameketi juu ya sanduku lake karibu na tangi la maji, amevaa kitambaa cha kanisani. Kosgei anajifanya anahesabu magunia.

Sauti ndani. Ya Bwana, chini. Ya Memsahib, juu. Kisha ya Dafni — siwezi kusikia neno, lakini ni ndefu.

Mlango umefunguliwa.

Ni Memsahib. Amekuja mpaka hapa kwenye benchi. Nimesimama. Hana glavu. Nimeiona mikono yake sasa, na yeye ameona kwamba nimeiona. Mikono ya mtu asiyelala wiki nzima.

Hakuniuliza habari ya karatasi. Ameuliza, polepole, kwa sauti ambayo hata askari wasingesikia:

— Hii dawa. Ni shingo mpaka chini?
— Shingo mpaka nyayo, Memsahib.
— Na huku nyuma?
— Na mgongo, Memsahib. Mgongo wote. Ukiruka mahali, inarudi.

Akatazama nyumba, halafu lori, halafu pale kwenye tangi la maji. Ametazama pale muda mrefu.

— Mgongo nani atanipaka?

Si swali la dresa.

Bado amesimama hapa mbele yangu. Nimeinama naandika, ajue ninaandika tarehe. Askari mmoja ameteremka, anafungua mlango wa nyuma wa lori. Wangeci amenyanyuka, ameshika sanduku kwa mkono mmoja —

Memsahib amemwita kwa jina: Wangeci.